Udi wa Bi Mize Ndani ya Duara

Kila msimu mpya mwale unapowashwa, watu wa Duara huusalimia. Hakuna kanuni iliyoandikwa juu ya jambo hilo, na wakubwa wakija kukagua kituo hujitia hawalijui, lakini jaribu uanze kazi bila salamu uone: vipimo vyako vikiharibika mwaka mzima, hakuna atakayekuonea huruma. Kila kikundi huleta kitu cha kwao, kidogo tu. Kitu hicho huchomwa, moshi wake hupulizwa ndani ya chumba kisicho na hewa, mwale huupiga, watu hupiga makofi, kisha kazi ya kweli huanza. Wahabeshi huleta kahawa. Wasenegali waliwahi kuleta samaki wa kukausha, na wenye pua walilalamika wiki nzima huku wale ambao homa iliwaondolea kunusa wakiwashangaa.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya Shemsa Haji, na Shemsa alikuwa amesahau.

"Umesahau?" Nduwimana, fundi wa mwale, alishika kiuno. Alikuwa Mrundi mrefu, mwenye kucheka kwa sauti ya kujaza ukumbi. "Dada Shemsa, kituo kiko Pemba, wewe Mpemba, kwenu unakuona dirishani, halafu umesahau kuleta kitu cha kwenu? Sisi wa Ngozi, kule Burundi, tufanye nini?"

"Nina harusi Ijumaa. Kichwa changu hakipo hapa."

"Harusi yako?"

"Ingekuwa yangu nisingekualika wewe."

"Kumbe hii nimealikwa! Nitakuja na mke wangu na mtoto. Haya, tafuta kitu, mwale unasubiri."

Shemsa alipekua mkoba wake. Kulikuwa na miwani, kitana, pipi zilizogandana, na chini kabisa kifundo cha kitambaa alichopewa na shangazi yake, Bi Kidawa, afukizie nguo zake za kwendea harusini. Ndani ya kifundo mlikuwa na kipande cha udi, cheusi, kinachonata. Alimega punje moja, akaiweka juu ya kijiko cha moto. Hakufikiri. Hilo ndilo kosa lake lote, na tusimwongezee jingine.

Moshi ulinyanyuka, ukavutwa ndani kupitia tundu jembamba kuliko unywele. Upande wa pili wa tundu hakuna hewa, kwa hiyo moshi ukifika pale hupoa ghafla, na molekuli zake kwa baridi ile hukimbilia kushikana. Huwa vishada: vingine vya molekuli chache, vingine vya maelfu, vidogo mno hata darubini haivioni. Lakini mwanga wa Duara huviona. Duara lenyewe ni bomba lililozunguka chini ya vilima vya Konde, na ndani yake elektroni hukimbia karibu sawa na mwanga wenyewe. Shemsa huwaambia wanafunzi wanaotembelea kituo kwamba elektroni hapendi kukatishwa kona; kila sumaku ikimlazimisha kupinda, hutupa mwanga kwa hasira. Mwanga huo ukikipiga kishada hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi zake, na kwa mwendo wa elektroni aliyeng'oka, mtu hujua ametoka kwenye atomi gani, na kama atomi hiyo inakaa kwenye ngozi ya kishada au tumboni.

Kwa kawaida moshi wa salamu hauna la kutazamwa. Ngozi na tumbo huwa mamoja, kila kitu kimechanganyika na kila kitu. Nduwimana alikuwa ameshanyoosha mikono apige makofi, mara mikono ikabaki hewani.

"Rudisha," alisema.

Shemsa alirudisha. Mwale dhaifu, unaosoma ngozi peke yake, ulionesha sukari. Walipouongeza nguvu ufike tumboni, ukaonesha mafuta ya udi. Sukari nje, mafuta ndani, na vishada vyote karibu saizi moja, vimetulia, havina haraka ya kuporomoka.

Wote wawili waliinamia kioo. Ile homa ilipopita na kuondoka na pua za theluthi ya watu duniani, mishipa ya kunusa haikufa, ililala tu. Dawa ya kuiamsha ilikwisha kupatikana. Kilichokosekana ni chombo cha kuifikisha: kishada chenye ganda ambalo mshipa ungelikubali, na tumbo la kubebea dawa. Miaka yote hiyo Shemsa na wenzake walikuwa wakivitengeneza vishada hivyo, na kila mara ganda lilididimia tumboni kabla ya kufika popote. Sasa kilikuwa mbele yao kwenye kioo, kimetoka kwenye kifundo cha kitambaa.

"Ndicho hiki," alisema Nduwimana polepole.

"Ndicho."

Alimnyanyua Shemsa, kiti na yeye mwenyewe, akamzungusha. Shemsa alipiga kelele, wakacheka mpaka mtafiti wa chumba cha jirani akachungulia. Nduwimana alipomweka chini alikuwa akifuta macho.

"Mimi sijui mwanangu ananukiaje," alisema. "Mke wangu huzika pua kichwani mwa yule mtoto, anafumba macho, anatabasamu. Namuuliza, ananukiaje? Ananiambia, siwezi kukueleza. Dada, namwonea wivu mke wangu mwenyewe."

Shemsa alitaka kumjibu kwa utani, na hapo ndipo alipokumbuka maneno ya shangazi yake wakati akimkabidhi kile kifundo. Bi Kidawa alikuwa amemfumba vidole kwa mkono wake mwenyewe na kumwambia: udi huu usimpe mtu, wala usimwoneshe mtu.

Furaha yote ilimshuka miguuni. Kilichosomwa na Duara huingia Hazina, ghala la kumbukumbu zake, na Hazina haina mlango. Baada ya homa, baada ya matajiri kuficha dawa watu wakifa, mataifa yaliyolijenga Duara yalikula kiapo: hakuna kitakachosomwa hapa kikawa siri ya mtu. Mwale ukimwagwa, yaani ukizimwa, Alhamisi adhuhuri, kila kilichosomwa wiki hiyo hufunguliwa kwa ulimwengu mzima, na mwenye mashine ya kunakili molekuli popote alipo hukitengeneza. Kabla ya hapo, aliyeleta kitu, na yeye peke yake, anaweza kukifuta. Akikifuta kimefutika, na hakisomwi tena kamwe.

Alimweleza Nduwimana yote. Nduwimana alisikiliza mpaka mwisho, akakaa.

"Akinyamaza mtu, shangazi yako hatajua," alisema. "Mtu wa Manila atanakili, yeye yuko Wete, atajuaje?"

"Unanishauri hivyo?"

"Hapana. Nasema tu kwamba nimeliwaza, ili usidhani mimi mtu mwema sana." Alisugua uso. "Nenda kamwambie. Na mimi usinitaje, mambo ya mtoto wangu usiyapeleke kule kumtia mama wa watu majonzi."

*

Nyumba ya Bi Kidawa ilikuwa imejaa wanawake mpaka kizingitini. Wengine walichagua mchele kwenye masinia, wengine walishona, na wasio na kazi walikuwa na kazi ya kuwakosoa wenye kazi. Bibi harusi, Arafa, mjukuu wa Bi Kidawa, alikuwa chumbani akisingwa liwa, ile rojo ya msandali, na kila baada ya muda sauti yake ilisikika akilalama kwamba inakauka inamvuta ngozi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja saa hizi, umefukuzwa kazi?"

"Bado. Nina neno nawe, la faragha."

Bi Kidawa alimtazama, akampeleka chumbani kwake. Ni chumba kidogo, kitanda cha besera chenye nguzo za chandarua, na kasha la mninga ambalo ufunguo wake hakai nao mwingine. Shemsa alisimama. Hakuzunguka. Alisema alichofanya, kwa nini alikifanya, na nini kitatokea Alhamisi adhuhuri. Alisema pia kwamba udi ule sasa umejulikana ulivyotengenezwa mpaka ndani ya matumbo yake.

"Kaa kitako, Daktari," alisema Bi Kidawa.

Daktari. Tangu azaliwe Shemsa hakuwahi kuitwa jina lolote na shangazi yake ila mwanangu. Afadhali angepigwa kofi.

"Udi ule si wangu," aliendelea Bi Kidawa kwa adabu kubwa, kama anayezungumza na mgeni wa serikali. "Ni wa Bi Mize, somo wangu. Alinifunda mimi miaka saba kabla hajaniachia kukoroga chungu peke yangu. Akaniapisha kwa Mola wangu nisimpe asiye mwari wangu, niliyemfunda mwenyewe. Nami nilimtaka wewe, Daktari. Nilikuwa nangoja umalize masomo yako. Ukamaliza hili ukaanza lile, na mimi nikangoja, halafu ikaja homa."

"Niwie radhi, shangazi."

"Udi haupikwi kwa kipimo. Sukari inayeyuka, inageuka, na katika kugeuka kwake kuna pahala pamoja tu pa kutia mafuta. Pahala hapo hapaonekani kwa macho. Unapanusa. Pua iliponipotea, nilipotelewa na udi wote. Nikikueleza kwa mdomo nitakuwa nakudanganya. Nilichobakiwa nacho ni donge la mwisho alilolipika Bi Mize mwenyewe, na hilo nimemwekea Arafa. Nikakumegea wewe kidogo, kwa kukupenda."

Shemsa alikuwa akilia. Alitoa simu yake, akaiweka kitandani baina yao.

"Ufunguo wa kufuta upo hapa. Sema futa, nafuta mbele ya macho yako, na hakuna atakayejua. Nimekuja kwa hilo tu. Lakini sitakuficha lingine, maana nikilificha nitakuwa nimekukosea mara mbili. Udi wa Bi Mize unaweza kuwarudishia watu pua. Ganda lake ndilo tulilolitafuta. Hatukulipata kwingine."

"Watu gani?"

"Wote. Wewe." Alisita. Alikuwa ameombwa asiseme, na akasema. "Yuko mwenzangu ana mtoto mchanga, hajapata kumnusa."

Nje mtu aliangusha sinia, kicheko kikafuatia, na Arafa akauliza kwa sauti kama ataachiwa kunawa leo au kesho. Bi Kidawa alichukua ufunguo kifuani, akafungua kasha, akatoa kibati kidogo. Ndani yake donge halikuzidi ukubwa wa limau. Alilisogeza puani, akafumba macho.

"Huu naunusa," alisema.

Shemsa aliinuka.

"Unaunusa?"

"Kwa mbali sana, ukiwaka. Sinusi kahawa, sinusi mashuzi ya paka, lakini udi wa Bi Mize naunusa. Sikumwambia mtu. Nilidhani ni akili inanidanganya, na watu wangesema mzee keshaanza."

"Shangazi! Si akili!" Shemsa alimshika mikono yote miwili. "Ganda ndilo linaloupitisha! Unaingia kwa sababu ya ganda! Lini ulianza kuunusa? Unachukua muda gani? Unausikia upande upi, kulia au—"

"Niachie mikono, mimi si kipimo chako."

Lakini alikuwa ameanza kutabasamu, na alijaribu kulificha tabasamu hilo akashindwa. Alikaa tena, donge mapajani.

"Basi si wazimu," alisema.

"Si wazimu."

"Alhamdulillahi. Miaka hii yote nikimwona Bi Mize katika moshi nikidhani nimerukwa." Aligeuza kibati mkononi. "Sikiliza, mwanangu."

Mwanangu. Shemsa alivuta pumzi.

"Bi Mize aliniapisha nisimpe asiye mwari wangu. Hakuniwekea idadi ya wari. Kila somo alichukua mmoja kwa sababu chungu kilikuwa kimoja na jiko moja. Hao watu wako wa Hazina, wana majiko mangapi?"

"Sijui. Maelfu."

"Basi nitawafunda. Lakini mwari wangu hapewi kitu kabla hajataja waliomtangulia. Mimi nilitaja. Huo ndio mlango wa mwanzo, na bila mlango huo nitakuwa nimemtupa Bi Mize njiani. Likiwezekana hilo, usifute. Lisipowezekana, futa, na Mungu atanisamehe kwa hao watoto wasionuswa."

*

"Sheria ya Hazina inasema hakuna atakayezuiwa," alisema Nduwimana alipoelezwa. Alifikiri huku akitafuna kalamu. "Haisemi hakuna atakayesubirishwa."

Alilifanyia kazi siku nzima. Faili la udi lingekuwa wazi kwa yeyote duniani, bure, bila jina wala ruhusa. Lakini lingefunguka kwa sauti ya mtu akitaja majina, na majina yenyewe yangeandikwa hapohapo juu ya mlango ili asiyejua asome. Mashine haikuruhusiwa kuyataja. Ilibidi awe mtu.

Kulibaki tatizo moja. Punje ya salamu ilitosha kuonesha kwamba ganda lipo, haikutosha kupima unene wake. Kwa kipimo hicho lilihitajika donge zima, kipande kilichobaki kwenye kifundo kisingefika, na donge ni la bibi harusi.

"Duara linataka uzi mmoja tu wa moshi," alisema Shemsa aliporudi kwa shangazi yake. "Unaobaki wote hutolewa nje kwa feni."

"Hutolewa nje!" Bi Kidawa alipiga kifua. "Moshi wa Bi Mize, kwa feni!"

Ndiyo maana Alhamisi asubuhi wanawake wa Wete waliteremka mbele ya kituo cha sinkrotroni, hilo Duara la mataifa, wakiwa na chetezo, makaa, tenga la kufukizia nguo, birika la chai, na nguo zote za bibi harusi. Mlinzi aliuliza vibali. Aliambiwa kibali ni bibi harusi, ndiye huyu. Mkuu wa kituo, mtu mwenye busara, alikumbuka ghafla kwamba ana kikao Chake Chake.

Walitandaza nguo za Arafa juu ya tenga, wakaweka chetezo chini, na bomba jembamba la Duara likachungulia pembeni kwa heshima. Bi Kidawa alivunja donge kwa mkono wake mwenyewe. Moshi ulipopanda, wanawake wenye pua walinyamaza wote kwa pamoja. Arafa alianza kulia, akaambiwa asiharibu wanja. Bi Kidawa aliinama juu ya chetezo, akaunusa udi wake kwa mbali, akatikisa kichwa polepole.

Kisha mmoja akaanza wimbo, na wimbo wa harusi hauimbwi kwa kukaa.

Kule kwenye chumba cha vioo mistari ilianza kutetemeka. Nduwimana alitoka mbio.

"Mama zangu, naomba sana, imbeni, pigeni vigelegele, lakini msipige miguu chini! Elektroni wanayumba!"

"Wanayumba au wanacheza?" aliuliza Bi Kidawa.

"Mama, wakicheza tunapoteza mwale."

"Hawa watoto wako hawakufundwa." Hata hivyo aliinua mkono, na wanawake wakacheza kwa mabega na shingo tu, miguu imetulia, kwa ufundi ambao ungewatoa jasho wachezaji wengi. Mistari ilinyooka. Kwenye kioo ganda la Bi Mize lilijitokeza, unene wake, jinsi sukari ilivyoshika mafuta, kila kitu mahali pake, na Shemsa aliyasoma yale aliyopaswa kufundishwa mbele ya chungu. Alifurahi mpaka akaona aibu. Na chini ya furaha aliona uchungu pia, kwa sababu angependa kufundwa jambo lile kwa mwiko, na shangazi yake akimgombeza.

Kabla ya adhuhuri Bi Kidawa aliketi mbele ya kinasa sauti, akaweka ushungi sawa, akataja kama watakavyotaja wari wake. "Mimi ni wa Kidawa. Kidawa wa Mize. Mize wa Mwanasha. Mwanasha wa Binti Saburi. Binti Saburi wa Mwana Heri, na aliyemtangulia Mungu anamjua."

Mwale ukamwagwa. Duara likanyamaza, na Hazina ikafunguka.

Walikuwa wamefungasha tenga, chai imekwisha, wakati spika ya ukumbi, iliyounganishwa na Hazina, ilipokohoa. Sauti ya mwanamume, ya mbali sana, yenye kujikwaa kwenye kila herufi, ilisema: "Mimi ni wa Kidawa. Kidawa wa Mize." Kwenye Mwanasha alikwama, akarudia, akapita. Ilikuwa Kano, Nduwimana alisema akisoma kwenye kioo. Kabla hajamaliza iliingia nyingine, ya msichana, kutoka mahali ambapo kwa saa zile ni jioni. Halafu mbili kwa pamoja. Bi Mize, ambaye hakuwahi kuvuka Unguja maishani mwake, alikuwa akitajwa mfululizo na watu asiojua hata rangi zao.

Bi Kidawa alisikiliza amefunika mdomo kwa ncha ya ushungi.

"Wanatamka vibaya," alisema hatimaye.

"Vibaya sana," alikubali Shemsa.

"Lakini wanatamka."

*

Mashine ya kunakili ya Duara ilitengeneza vishada vya kwanza alasiri ile ile, ganda la Bi Mize nje na dawa ndani. Nduwimana alivuta kwa barakoa, Bi Kidawa akavuta. Wote wawili walisema hawasikii kitu, ila pua zinawawasha.

Ijumaa asubuhi simu ya Shemsa iliita. Hakusikia neno, alisikia kilio cha mtu mzima na kucheka kwa mwanamke nyuma yake.

"Nduwimana? Kuna nini?"

"Siwezi kukueleza!" alisema Nduwimana. "Mke wangu alikuwa anasema kweli! Haielezeki!"

Shemsa alikimbia na viatu mkononi mpaka nyumbani kwa shangazi yake. Bi Kidawa alikuwa barazani akiwapanga watu, na alipomwona tu mpwa wake anavyohema alijua anakuja kuuliza nini. Alitikisa kichwa.

"Bado, mwanangu."

"Nduwimana amepata. Basi na wewe utapata. Labda kwa umri inachukua muda, labda—"

"Huenda. Na huenda pua yangu imekwisha kazi yake." Alimpangusa jasho kipajini. "Yule mtoto amenuswa?"

"Amenuswa."

"Basi usinikunjie uso siku ya harusi."

Alisema hivyo, na Shemsa alimwamini, kwa sababu Bi Kidawa hakuwa mtu wa kusema asilolimaanisha. Lakini zaidi ya mara moja asubuhi ile alimwona akipita karibu na nguo za Arafa, akiinua ncha ya leso mpaka puani pale alipodhani hakuna anayetazama, na kuishusha. Udi ulikuwa umekwisha. Siri ilikuwa imekwisha. Shemsa alihesabu kwamba shangazi yake ametoa vyote alivyokuwa navyo na hajapokea chochote, na wazo hilo lilimkaa kifuani akigawa juisi.

Baada ya sala ya Ijumaa wanaume walikuja kusema nikaha imefungwa. Nyumba ililipuka. Mtu alitoa kigoma, na leo hakukuwa na elektroni wa kuwahurumia, miguu ikapigwa chini mpaka vikombe vikagongana kabatini. Nduwimana, ambaye alipaswa kukaa na wanaume nje, alikuwa mlangoni amembeba mtoto wake na hajatoa pua kichwani kwake tangu afike. Wapishi wenyewe walikuwa wameingia ukumbini wakicheza na miiko yao. Katikati ya yote Arafa aliketi ameinamisha macho, na Bi Kidawa alikuwa mbele yake, akimweka sawa shela.

Mikono yake ilisimama.

Shemsa alikuwa wa kwanza kuona. Bi Kidawa aliinua kichwa, akageuka kulia, akageuka kushoto. Uso wake ulikunjamana kwa hasira, ile hasira ya mwenye nyumba anayefanyiwa uzembe mbele ya wageni.

"Nani yuko jikoni?" aliuliza.

Hakusikika. Kigoma kilikuwa juu.

"Nauliza nani yuko jikoni!" Sauti ile ilipasua ukumbi, na kigoma kikakatika. "Watu wazima mmejazana humu mnakatika viuno, nani ameacha pilau inaungua?"

Wapishi walitazamana. Mmoja aliruka kuelekea uani, akapiga hatua, akasimama. Kimya kilianza kwake kikaenea mpaka kwa Arafa, ambaye aliinua macho, jambo ambalo bibi harusi hatakiwi kulifanya. Bi Kidawa alikuwa bado amefungua mdomo kugomba. Polepole aliufunga, akavuta hewa kwa pua, akavuta tena, ndefu, mpaka mabega yakapanda.

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa Shemsa, kibaya, kilichokatika katikati kwa kilio. Vilivyofuata vilisikika mpaka bandarini.

"Pilau, Bi Kidawa!" yule mpishi alipiga kelele juu ya makelele. "Ngoja nikaiepue!"

"Iache!" Bi Kidawa alikuwa amemshika Shemsa begani asianguke, machozi yakimtiririka, akicheka. "Iache kwanza hapo hapo motoni. Iache iungue kidogo tena."